Farasi "mkorofi" mara nyingi anaumwa: dalili tunazoziona kila siku na chanzo chake

Nilikuwa na jike mmoja wa kahawia, ukimletea tandiko tu anarudisha masikio nyuma, ukimfunga mkanda wa tumbo anageuza shingo anataka kukung'ata, na kila mtu pale bandani alikuwa na dawa yake, mpige, mnyime chakula, muuze. Na mimi nikawa namfokea miezi mizima. Siku moja tumetoka juani nikavua tandiko, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa sehemu mbili kavu kabisa, kila moja kama kiganja, huku na huku kando ya uti wa mgongo, nikibonyeza hapo anazama chini kukikimbia kidole. Kumbe tandiko lilikuwa linambana. Miezi yote ile alikuwa ananiambia anaumia, mimi nasikia kiburi.

So humu ntachanganya magonjwa na tabia, maana kwa farasi vitu hivi viwili havitengani. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, akionyesha udhaifu porini analiwa, ndo maana anaficha maumivu mpaka yanamshinda, na yakimshinda yanatoka kama ukaidi, kama hasira, au kama uvivu.

Kwanza ujue akiwa mzima yukoje

Hapa ndo wengi tunakwama. Unampigia simu daktari wa mifugo unasema farasi hayuko sawa, anakuuliza moyo unapiga mara ngapi, kimya. Farasi mkubwa aliyetulia moyo wake unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, anapumua mara 8 hadi 16, na joto lake ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.3. Mapigo unayapata chini ya taya, kuna mshipa unapita juu ya mfupa pale, ukiuhisi kwa ncha za vidole ni kama kamba nyembamba inayoteleza, hesabu sekunde 15 alafu zidisha kwa 4. Joto unapimia njia ya haja kubwa kwa kipimajoto cha kawaida, simama ubavuni usisimame nyuma yake, na kipimajoto kifunge uzi kisije kikapotelea ndani. Fizi ziwe na unyevu na rangi ya pinki, ukibonyeza kwa kidole zinakuwa nyeupe na rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Alafu weka sikio ubavuni karibu na nyonga, kushoto na kulia, utasikia tumbo linanguruma, na huko kunguruma ndo tunakotaka, ukikuta kimya shtuka.

Fanya hivyo wiki nzima akiwa mzima uandike kwenye simu. Kuna farasi kawaida yake ni 30 na mwingine ni 42, sa huyo wa 30 ukimkuta na 44 amesimama tu bandani hajafanya kazi, kwenye kitabu yuko sawa lakini wewe unajua kuna kitu.

Anachimba chini, anaangalia ubavu, analala na kuinuka

Hili ni tumbo la kusokota na ndo dharura ya kwanza ya farasi. Dalili zingine ni kugalagala, kukunja mdomo wa juu, kujinyoosha kama anataka kukojoa na mkojo hautoki, jasho bila kazi, mavi machache au hakuna kabisa, chakula hajagusa. Usingoje zikamilike zote, moja au mbili zinatosha kukutoa kitandani. Tumbo la farasi ni hatari kwasababu farasi hatapiki, ule mlango wa juu wa tumbo unaruhusu vitu kushuka tu, so gesi au maji yakijaa hayana pa kutokea na tumbo linaweza kupasuka. Ndo maana daktari anapitisha mpira puani hadi tumboni, kuyatoa yale yaliyokwama.

Chanzo mara nyingi ni sisi. Tumebadilisha chakula ghafla, jana hei, yaani nyasi zilizokaushwa, leo gunia la mahindi, wakati wale vijidudu wa utumbo wake wanahitaji siku 7 hadi 10 kuzoea kitu kipya. Au tumempa nafaka nyingi kwa mkupuo, tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, farasi wa kilo 400 usimpe zaidi ya kilo 2 za nafaka kwa mlo mmoja, na kama anaweza kuishi bila nafaka muache, chakula chake hasa ni nyasi na hei, kilo 6 hadi 8 za hei kavu kwa siku kwa huyo wa kilo 400. Au hajanywa, maji yamechafuka, ndoo imepinduka usiku, na farasi anahitaji lita 25 hadi 50 kwa siku kutegemea joto na kazi, akikosa mavi yanakauka ndani yanaziba. Au anakula chini kwenye mchanga, mchanga unajaa utumboni kidogo kidogo. Huo unapimika nyumbani, chukua mavi mapya ambayo hayajagusa ardhi, koroga na maji kwenye mfuko unaoonyesha, ning'iniza robo saa, ukiona mchanga umetuama chini basi chakula chake kianze kuwekwa kwenye chombo. Ila usipouona haimaanishi hana. Minyoo nayo inasababisha, na meno mabovu, kwasababu asiyetafuna vizuri anameza vipande virefu.

Ufanye nini? Toa chakula chote, pima moyo, sikiliza tumbo, angalia fizi, piga simu. Kumtembeza dakika 10 au 15 taratibu ni sawa, inasaidia gesi na inamzuia kugalagala vibaya, ila ile ya kumzungusha usiku kucha mpaka anayumba ni kumchosha mgonjwa. Akilala ametulia muache alale. Usimmiminie mafuta wala dawa ya kienyeji kwa chupa mdomoni, inaingia kwenye mapafu, na ntasema wazi, nimeona farasi aliyepona tumbo akafa kwa mapafu. Sindano ya maumivu usichome kabla ya kuongea na daktari maana inaficha picha. Moyo ukivuka 60 ametulia, fizi zimegeuka nyekundu iliyoiva au zambarau, au tumbo limenyamaza pande zote, huyo sio wa kusubiri. Na kuna kitu kimoja kinadanganya watu sana, farasi aliyekuwa anajipigiza saa nzima ghafla anatulia, anasimama kichwa chini, jasho la baridi. Watu wanashangilia kapona. Mara nyingine ni tumbo limepasuka ndo maana presha imeisha. Pima moyo tena kabla ya kushangilia.

Anachechemea

Swali la kwanza ni mguu gani, na hapa wengi tunakosea kwasababu tunaangalia miguu badala ya kichwa. Mpe mtu amkimbize kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu na tambarare, kamba iwe imelegea, wewe simama pembeni. Kama ni mguu wa mbele, kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapokanyaga na kinashuka kwenye mguu mzima. Kama ni wa nyuma angalia nyonga, ile ya upande mbovu inapanda na kushuka kuliko mwenzake. Farasi kusimama amepumzisha mguu mmoja wa nyuma ni kawaida kabisa, wanapokezana, ila mguu wa mbele ukiwa umetangulizwa mbele na hauwekewi uzito, hapo kuna maumivu.

Ukishajua mguu, anza na kwato hata kama unadhani ni bega, maana matatizo mengi ya kuchechemea yako chini huko. Kama jana alikuwa mzima na leo hataki kabisa kukanyaga, utadhani kavunjika, mara nyingi ni jipu ndani ya kwato. Kwato litakuwa la moto, na ule mshipa unaopita nyuma ya kifundo utauhisi unadunda kwa nguvu kuliko mguu wa pili. Usaha umebanwa ndani ya ukuta mgumu usiotanuka, jamani hebu fikiria jino lako likiwa na jipu. Fundi wa kwato au daktari akifungua kitundu ukatoka, nafuu inakuja haraka mpaka unashangaa, alafu unaloweka kwato kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi na kulifunga lisiingie uchafu. Ukikuta msumari umezama katikati ya kwato, usiung'oe kwa papara. Kama unaweza, uache msumari palepale na daktari aone umeelekea wapi, na kama lazima utoke kwasababu kila akikanyaga anauzamisha, weka alama pale ulipoingilia na pima urefu ulioingia. Na chanjo ya pepopunda uliza siku hiyohiyo, farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika na pepopunda kirahisi sana.

Akiwa mbovu miguu yote miwili ya mbele, amejitupa nyuma kama anakaa, ya mbele kaitanguliza, kugeuka hataki, kwato za moto na mishipa inadunda, hiyo ni laminitisi na unatakiwa ukimbie. Ndani ya kwato kuna nyuzi zinazoshika mfupa kwenye ukuta wa kwato, zikivimba na kuachia, mfupa unazunguka au unazama, na ukishazama maisha yake ya kazi yanaweza kuwa yameisha. Wanaoipata ni wanene, waliovunja stoo wakala nafaka, waliofunguliwa ghafla kwenye majani mabichi mengi baada ya mvua, jike ambaye kondo la nyuma halikutoka baada ya kuzaa. Saa za kwanza loweka miguu kwenye maji ya barafu kama unayapata, baridi kadiri inavyowezekana, mwekee malalo laini na mengi, usimtembeze hata kidogo. Kama unajua kabisa amekula gunia la nafaka usisubiri achecheme, piga simu akiwa bado anatembea vizuri, maana kwato zinaanza kuumia kabla hujaona kitu.

Kwato kunuka, na uteute mweusi kwenye ile sehemu laini yenye umbo la V, ni kuoza kwa unyevu. Safisha kila siku, kausha banda, dawa peke yake juu ya matope na mkojo haitafanya kitu. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8 hata kama havai viatu vya chuma.

Akianza safari vizuri alafu katikati anakakamaa, misuli ya makalio imekuwa migumu kama mbao, jasho linamwagika, mkojo ukitoka ni rangi ya kahawa, simama hapohapo. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaumiza figo. Hii inampata sana farasi aliyepumzishwa siku moja mbili huku analishwa nafaka ileile ya siku za kazi, alafu kesho yake anatolewa kwa kasi. Usimtembeze kurudi nyumbani, mfuate na gari au mwacheni palepale chini ya kivuli mpaka daktari afike, maji ya kunywa mpe.

Anang'ata akifungwa mkanda, anarusha mateke, anakataa kwenda

Narudi kwa yule jike. Nilibadilisha tandiko, nikamuacha bila kupandwa wiki 6, na hasira zikaisha karibu zote bila fimbo, zikabaki nywele nyeupe pale palipobanwa maana mzizi wa nywele ukishaumizwa unaota mweupe. So ukinunua farasi uone nywele nyeupe mgongoni au nyuma ya mabega, hiyo ni historia ya tandiko. Pima tandiko bila kitambaa chini, katikati ya uti pawe na nafasi unaona mwanga toka mbele hadi nyuma, lisikalie mabega. Alafu kumbuka farasi anabadilika umbo, akinenepa au kukonda lile lililomkaa mwaka jana linaweza lisimkae leo.

Kama tandiko liko sawa nenda mdomoni. Anarusha kichwa, anafungua mdomo, anageuka upande mmoja kirahisi na upande mwingine kama ukuta? Meno ya farasi yanaendelea kusogea nje maisha yake mengi, na yanalika yasivyo sawa, ya juu yanatoa makali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi, lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikivutwa shavu linasuguliwa kwenye makali hayo. Dalili nyingine ni kudondosha vibonge vya hei iliyotafunwa nusu, na nafaka nzima kwenye mavi. Yapigwe tupa na mtaalamu mara moja kwa mwaka.

Meno mazuri, tandiko zuri, bado anachukia mkanda? Fikiria vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile, kwasababu kaumbwa kula kidogo kidogo kutwa nzima, sa ukimuacha toka jioni hadi asubuhi bila kitu asidi inamla yeye. Anakuwa anachagua chagua nafaka, manyoya hayana mng'ao, anakuwa na hasira. Mpe hei karibu muda wote, na kabla ya kumpanda mpe hata vimikono viwili vitatu vya hei ili asidi isirushwe rushwe akipiga shoti.

Ukishaondoa maumivu yote ndo uongelee mafunzo na woga. Macho yake yako pembeni, anaona karibu duara zima ila sio mbele ya paji la uso na sio nyuma ya mkia, so ukimfikia kutoka nyuma kimya kimya na akakupiga teke, hakukuona.

Na anayeuma mbao huku anavuta hewa, au anayeyumba kushoto kulia mlangoni kutwa nzima, huyo hana ugonjwa wa kumfungia kola ya shingo. Mpe hei zaidi, mpe mwenzake, mtoe nje.

Anakula lakini anakonda

Angalia meno kwanza, alafu minyoo. Tumbo kubwa, mbavu nje, manyoya yamesimama. Peleka mavi yakahesabiwe mayai ya minyoo kabla ya dawa, maana tukimpa kila farasi dawa kila mara minyoo inazoea, na kumpa kipimo pungufu ni kuifundisha minyoo zaidi. Uzito usiukisie. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua kuzunguka nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya kalio, vyote kwa sentimita, kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Mfano kifua 170 na urefu 150 ni kama kilo 365. Mie nilikuwa nakisia 300 tu kwa macho, ona tofauti.

Kama uko sehemu zenye mbung'o na anakonda, homa inakuja na kuondoka, chini ya tumbo na miguuni kumevimba, fikiria nagana, farasi anaumia nayo vibaya. Kupe nao wanaleta homa, fizi zinapauka au zinakuwa njano. Sa tahadhari kubwa kwa wanaofuga na ng'ombe: dawa ya kuogeshea kupe yenye amitrazi usimwogeshe farasi, inaweza kusimamisha utumbo ukaziba. Na chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensini, dawa inayochanganywa humo, kinaua farasi, kinashambulia moyo, hata kidogo tu. Soma lebo, na ndoo zao usichanganye.

Anakohoa, pua zinatoka vitu

Anakohoa akianza kazi au akila hei, hana homa, bandani tu, hilo ni vumbi na ukungu wa hei. Lowesha hei, toa hewa bandani, muache alale nje, dawa ije baada ya hapo. Kama ana homa, makamasi mazito ya njano, na uvimbe chini ya taya, mtenge siku hiyohiyo, ndoo yake, kamba yake, brashi yake, na wewe mhudumie wa mwisho, maana inahama kwa mikono na vyombo.

Chakula na mate yanatoka puani, shingo kanyoosha, anakohoa na kuhangaika? Kimemkwama kooni. Anapumua bado, so tulia. Toa chakula na maji, kichwa kiwe chini, usimmiminie chochote, isipojifungua ndani ya nusu saa hivi mwite daktari. Mara nyingi ni mlaji wa haraka haraka au chakula kikavu cha vidonge, loweka siku zijazo.

Povu jeupe puani, anahema kwa shida, au mashimo ya juu ya macho yamevimba, na ana homa hapo, kwenye maeneo yenye ugonjwa wa farasi wa Kiafrika usipoteze hata saa moja. Unaenezwa na wadudu wadogo warukao wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, ndo maana wenye uzoefu wanawaingiza ndani kabla jua halijazama, na wanachanja kabla ya msimu.

Hatoki jasho, anahema tu

Hii ni ya sehemu za joto na unyevunyevu. Wenzake wamelowa, yeye mkavu, pua wazi, anahema kama mbwa. Baadhi ya farasi wanaacha kutoa jasho na joto linabaki ndani. Kivuli, mmwagie maji baridi mwili mzima bila kukoma, asifanye kazi mchana tena.

Jicho

Limefumbwa nusu, machozi, anaukwepa mwanga, ni dharura ileile kama tumbo. Usitumie lile dawa la jicho lililobaki la mwaka juzi, kama lina steroidi na jicho lina kidonda linaweza kutoboka.

Ukimpigia daktari, hasa akiwa mbali na barabara mbovu, mwambie kwa mpangilio: moyo, pumzi, joto, rangi ya fizi, tumbo linanguruma au la, mavi ya mwisho lini, amekula na kunywa nini toka jana, kimebadilika nini wiki hii, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na jina la dawa yoyote uliyokwisha mpa, hata ile unayoona aibu kuitaja.